Kabla ya Kumfukuza Dereva, Fungua Plagi

Alfajiri kwenye masoko ya Dar es Salaam, iwe Ilala, Temeke au Mahakama ya Ndizi pale Mabibo, kuna mlio ambao masikio yetu yamekwisha kuuzoea. Kirikuu, pikapu ndogo ya mizigo, imesheheni matenga ya nyanya. Dereva anawasha, injini inaitika kwa kusitasita, inatetemeka, inatoa moshi mweusi, inazima. Anawasha tena huku amekanyaga mafuta. Ikishika, anaondoka nayo ikirukaruka mpaka barabara kuu. Ukimuuliza, jibu ni lile lile: "Baridi tu hii, ikipata moto itatulia." Saa saba mchana jua linachoma lami, na gari bado linamisi.

Nimekuwa na mazoea ya kuwauliza madereva hawa na matajiri wao jambo moja: plagi za gari hili zilitolewa lini mara ya mwisho? Dereva anasema hilo ni la tajiri. Tajiri anasema fundi ndiye anayejua. Fundi, akipatikana, anasema alibadilisha majuzi tu. Ukifuatilia, hakuna kati ya hao watatu aliyeziona kwa macho yake siku za karibuni.

Msimamo wangu ni huu: yeyote anayekula kwa gari la petroli, awe mwenye gari au dereva, anapaswa kujua kuzitoa plagi, kuzisoma na kuzibadilisha mwenyewe, pale pale nyumbani. Sisemi hivi kwa ajili ya ujira wa fundi, maana kwa kazi hii ujira ni mdogo. Nasema kwa sababu plagi inakaa ndani kabisa, palepale petroli inapochomwa, na bado mtu asiye fundi anaweza kuitoa kwa spana moja, akaishika mkononi, akaona yaliyokuwa yakiendelea humo. Plagi ni ushahidi. Na kwenye biashara ya pikapu za mizigo, asiye na ushahidi hadhulumiwi mara moja.

Kesi ya mafuta yanayopotea

Biashara hii kwa kawaida ina sura mbili. Kuna tajiri anayemkabidhi dereva gari, naye dereva huleta hesabu kila jioni. Petroli anajinunulia mwenyewe. Na kuna mwenye duka la vifaa vya ujenzi au vinywaji ambaye ana pikapu yake, amemwajiri dereva, na petroli analipa yeye. Plagi mbovu inawaumiza wote wawili, ila kila mmoja kwa njia yake.

Tazama inavyokuwa. Kirikuu nyingi tulizonazo, hasa Suzuki Carry zinazoletwa zikiwa zimetumika Japani, zina silinda tatu na injini isiyozidi cc 660, kikomo ambacho Japani iliyawekea magari madogo ya daraja hilo mwaka 1990. Kila silinda ina plagi yake. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi inatakiwa iwashe petroli mara 1,500 ndani ya dakika hiyo, yaani mara 25 kila sekunde, kwa cheche inayoruka uwazi wa takriban milimita moja. Plagi moja ikichoka, theluthi nzima ya nguvu inayumba. Lakini silinda ile haiachi kuvuta petroli. Inavuta, haichomi, inatema kwenye ekzosi. Nyingine hubaki humo ndani ikiosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka chini kuizimua oili iwe nyepesi. Dereva naye, akiona gari halipandi mlima, anakanyaga zaidi. Tanki linakauka kabla ya safari kwisha.

Yule wa hesabu ndiye wa kwanza kuumia. Pesa ya petroli inapanda siku hadi siku, hesabu haishuki, na kinachobaki cha kupeleka nyumbani kinapungua. Mama watoto anaambiwa "leo biashara ilikuwa mbaya," kumbe biashara ilikuwa nzuri, faida imetokea kwenye ekzosi. Akikosa kufikisha hesabu siku mbili tatu, tajiri anachukua ufunguo.

Yule mwajiriwa wa duka mambo yake ni mabaya zaidi, kwa sababu anaitwa mwizi. Lita zile zile zilizokuwa zikitosha kwenda Mbagala na kurudi mara mbili sasa zinaishia safari moja na nusu. Bosi anauliza nyingine zimekwenda wapi. Dereva anaapa kwa Mungu, anamwapia mama yake mzazi. Nani atamwamini? Wanyonya mafuta wapo, tunawajua, na mpira wao wa kunyonyea tumeuona. Basi anafukuzwa. Analetwa dereva mwingine, gari ni lile lile, plagi ni zile zile, na baada ya muda naye anaonekana mwizi. Vita vya panzi, neema kwa kunguru: mwenye kituo cha mafuta anauza, na nyumba mbili zinaendelea kukonda.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunasubiri EWURA itangaze bei kikomo za mafuta. Wenzetu wa Kenya husubiri tangazo la EPRA tarehe 14. Shilingi chache zikiongezeka, mitandao inawaka moto, na ni haki yetu kulalamika. Lakini je, ni wangapi kati yetu wanaojiuliza kuhusu petroli waliyokwisha kuilipia, ambayo injini yao inaitupa nje bila kuichoma?

Plagi inasema nini

Daktari humwambia mgonjwa atoe ulimi kabla hajaandika dawa, na plagi ndiyo ulimi wa injini. Ukizitoa zote na kuzipanga kwa mfuatano wake, silinda ya kwanza hadi ya mwisho, habari inaanza kusomeka hata kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga gereji.

Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu kwenye ncha yake inakwambia silinda hiyo ni nzima. Ikiwa imejaa masizi makavu meusi, yanayofutika kwa kidole, petroli inaingia nyingi kuliko hewa. Ukikuta zote tatu ziko hivyo, tatizo ni la wote: ea klina imeziba kwa vumbi, au kabureta inamwaga. Ukikuta nyeusi yenye kulowa, inang'aa na kunuka oili, hapo oili inapenya pasipostahili, kwa kawaida kwenye ringi za pistoni au sili za valvu. Ikiwa moja tu ndiyo imelowa oili, umekwisha kujua silinda yenye ugonjwa. Nyeupe kama chaki, au yenye malengelenge, inachemka kupita kiasi: hewa inazidi petroli, au imewekwa plagi isiyo yake. Na ile ambayo rangi yake ni nzuri ila ncha imelika na kuwa mviringo, uwazi umepanuka, hiyo haina kosa lolote. Imezeeka tu, ipumzishwe.

Tofauti ya rangi hizi ndiyo tofauti ya kununua ea klina na kushusha injini. Mtu asiyezijua hulipa chochote anachoambiwa. Amefika gereji na gari linalomisi, kijana amelisikiliza kidogo akasema "ringi hizi bosi, lazima tushushe," naye ataanza kupiga simu kutafuta mkopo. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walisema kweli, lakini hawakusema kwamba kila ufa ni wa kubomolea nyumba. Mwenye gari aliyefika na plagi zake tatu ndani ya mfuko, zote zikiwa na masizi makavu na hakuna hata moja yenye oili, atauliza: ringi zimekufaje na oili haionekani? Hapo mazungumzo yanabadilika.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame

Methali hii ni kana kwamba ilitungwa na mwenye kirikuu, kwa sababu kwenye nyingi ya gari hizi injini imelala chini ya viti. Unafungua vibanio, unainua kiti, na hiyo hapo. Kwenye pikapu zenye pua mbele unafungua boneti tu.

Sharti la kwanza: gari lipoe kabisa, ikiwezekana lilale usiku kucha. Hedi za injini nyingi ni za alumini, na plagi ikifunguliwa ya moto inaweza kung'oka na thredi. La pili ni usafi. Kwa vumbi la barabara zetu, shimo la plagi huwa limejaa mchanga. Ukifungua hivyo hivyo, mchanga wote unadondoka ndani ya silinda na kusaga kila kinachoteleza humo. Pampu ya baiskeli inatosha kuupuliza utoke.

Kisha waya. Chomoa mmoja tu, ukiushika kwenye kofia yake ya mpira na si kwenye uzi wenyewe, maana ukiuvuta, kwa ndani unakatika na nje hakuna kitakachoonekana. Maliza plagi hiyo ndiyo uende kwa inayofuata. Waya zikipishana, cheche inapelekwa kwa silinda ambayo si zamu yake, na gari litapiga fataki au kugoma kabisa. Gari jipya zaidi halina waya hizo: kila plagi imefunikwa na koili yake, imeshikwa na bolti moja na soketi ya umeme. Soketi hiyo ni ya plastiki iliyokauka kwa joto la miaka, ibonyeze taratibu.

Spana ya plagi ina mpira ndani unaoshika kauri isipasuke. Za magari ya zamani ni za milimita 21 hivi, za kisasa 16. Zungusha kushoto. Plagi inayotoka ilaze kwenye kipande cha trei ya mayai, kila moja kwenye shimo lake, ili usije kusahau ipi ilikuwa ya silinda ipi. Hapo ndipo pa kuita watu wa nyumbani waone. Kwa nini isiwe binti wa kidato cha pili anayesoma fizikia, mbele ya kitu kinachofanya kile alichokikariri darasani?

Plagi mpya nayo isiingizwe bila kupimwa. Uwazi wa cheche kwenye injini nyingi ni kati ya milimita 0.7 na 1.1, na kipimo cha gari lako kimeandikwa kwenye kitabu chake. Fila geji ya kupimia uwazi huo ni kifaa cha bei ndogo. Ila plagi ya iridiamu usiiguse ncha, ni nyembamba na huvunjika.

Sasa inakuja sehemu ambayo haraka haraka haina baraka. Plagi ianze kuingia kwa vidole, kamwe si kwa spana. Kama shimo ni refu, chukua kipande cha mpira wa petroli, kivalishe kichwani mwa plagi, uzungushe kwa huo. Thredi zikikaa upande, mpira utateleza kabla hujaharibu kitu. Spana haina huruma hiyo. Plagi ikishakaa mpaka mwisho kwa mkono, ibane kwa spana nusu mzunguko hivi ili washa yake mpya ilale, basi. Anayeikalia spana kwa uzito wote wa mwili akidhani anaweka usalama, anamwandalia fundi kazi ya kufungua hedi.

Dukani nako kuna mtihani

Kazi ya nyumbani inaweza kuharibikia dukani. Kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, ukisema tu "nipe plagi za kirikuu" utapewa zilizopo. Plagi zinafanana kwa macho, lakini herufi na namba zilizochapwa kwenye kauri zina maana. Ipo namba ya joto: kwa NGK na Denso namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, kwa Bosch ni kinyume chake. Upo pia urefu wa thredi. Yenye thredi ya milimita 19 ikiwekwa kwenye hedi iliyotengenezewa ya milimita 12.7, inaweza kugongana na pistoni. Kwa hiyo usinunue kwa kufananisha na ya zamani peke yake, maana huenda aliyekutangulia naye alikosea. Nunua kwa namba ya kitabu cha gari.

Bandia nazo zipo. Tume ya Ushindani, FCC, imekuwa ikikamata na kuteketeza bidhaa bandia, lakini haiwezi kusimama kwenye kila kaunta. Angalia mwenyewe: maandishi yanayofutika kwa kucha, ncha ya juu isiyonyooka na ya chini, washa inayochezacheza mpaka kudondoka, boksi lenye namba tofauti na iliyo kwenye kauri. Ukiona bei imeshuka mno kuliko ya maduka ya jirani, jiulize nani anakupa zawadi, na kwa nini.

Na hesabu ya umri ipigwe. Pikapu inayotembea kilomita 100 kwa siku, siku sita kwa wiki, inamaliza kilomita 31,000 na ushee kwa mwaka. Plagi za kawaida za nikeli hudumu kilomita 20,000 hadi 40,000. Za iridiamu zinaweza kukaribia 100,000. Maana yake, ile "majuzi tu" ya fundi ikiwa ilikuwa mwaka juzi, plagi za nikeli zimekwisha kupitiliza. Ushauri wangu kwa injini iliyochoka inayokula oili ni nikeli, zibadilishwe mapema; kuipa iridiamu ni kuzika pesa kwenye masizi. Injini nzima ya gari la kazi, iridiamu inajilipa.

Na fundi naye ale wapi?

Wapo watakaosema ninapiga vita riziki za vijana wa gereji bubu. Sivyo. Fundi mzuri haishi kwa kubadilisha plagi. Anaishi kwa ringi, breki, kluchi, giaboksi na umeme, kazi ambazo mimi na wewe hatutazifanya uani. Mteja anayefika na plagi mkononi anampunguzia saa nzima ya kubahatisha. Anayepata hasara ni yule anayejifunzia ufundi kwenye injini za watu, na huyo dawa yake ni VETA, ambako hata aliyejifunzia mtaani anaweza kupimwa ujuzi wake na kupewa cheti.

Mipaka ipo, na mwenye busara aijue. Plagi iliyogoma kufunguka usishindane nayo; itie mafuta ya kulainishia, iache ikae, ikikataa tena mwite fundi. Injini ambayo plagi zake zimefichwa nyuma ya vyuma vingine si ya kujifunzia. Na wenye Hilux za dizeli, ambazo ni nyingi mno mikoani, hawana plagi za cheche kabisa: dizeli huwaka kwa mgandamizo, na plagi zao ni za kupasha joto tu wakati wa kuwasha. Tajiri wa dizeli anayeletewa risiti ya seti ya plagi kila sevisi ana haki ya kuuliza zimekwenda wapi.

Iwekwe kwenye mapatano

Ninachopendekeza ni kidogo, na hakihitaji sheria mpya. Kwenye mapatano ya tajiri na dereva, pale panapoandikwa hesabu na siku ya mapumziko, paongezwe mambo matatu. Plagi ni za tajiri kununua. Kuzifungua ni kazi ya dereva, kila gari linapomwagwa oili. Kuzitazama ni kwa wote wawili, zikiwa zimepangwa, na tarehe na kilomita ziandikwe kwenye boksi lake.

Utaratibu huu unamlinda nani? Unamlinda dereva mwaminifu, ambaye leo hana cha kujitetea ila kiapo. Unamlinda tajiri pia: plagi zikiwa safi, ea klina safi, hakuna panapovuja, breki hazikwami, na petroli bado inayeyuka, sasa ana sababu ya kumkalisha dereva kitako. Na zaidi ya wote unamlinda mama aliyeachiwa kirikuu na marehemu mumewe, anayezungukwa na dereva, fundi na muuza spea, kila mmoja akimwambia lake. Huyo hahitaji kuwa fundi. Anahitaji kujua kwamba plagi ya kahawia ni nzuri, ya masizi inauliza ea klina, ya oili inauliza ringi, na kwamba ana haki ya kuletewa zote mezani kwake.

Shule za udereva nazo, ambazo hufundisha kukagua maji na oili kabla ya safari, ziongeze somo hili kwa wanaojifunza gari za biashara. Kifaa ni spana moja na injini iliyopoa.

Kwa tajiri ambaye wiki hii alikuwa anajiandaa kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya mafuta, subiri Jumapili gari likiwa limelala. Mwite dereva, inueni kiti, fungueni zote tatu, mzisome pamoja. Kama ni mwizi, atabaki kuwa mwizi hata Jumatatu. Kama ni plagi, utakuwa umeokoa mshahara wa nyumba moja na petroli ya nyumba yako.